Ukurasa wa Sitini na Moja

Februari, Gdańsk. Barafu imeandika kiooni kwa hati isiyosomeka.
Mimi Halszka, niliyeendesha kreni bandarini miaka thelathini,
sasa naendesha watu mia mbili na kumi na wanne
wasioonana, wanaosoma kitabu kimoja kila mwezi
na kunieleza wamekionaje.

Zamani kazi yangu ilikuwa kuamua ugomvi.
Yule mjane wa sura ya nne, asamehewe asisamehewe?
Zdzisław alitukana tafsiri, akaomba radhi, akatukana tena.
Wiesia aliandika kwa herufi kubwa tupu
kama mama anayemwita mtoto kutoka ghorofa ya tano.
Nilizima moto, nikachemsha chai, nikalala.

Siku hizi hakuna moto.
Maoni yanakuja yameoga, yamechana nywele,
kila moja aya tatu, kila moja na hitimisho lake:
riwaya hii inatualika kutafakari.
Inatualika!
Mimi sijawahi kualikwa na riwaya.
Riwaya hunikamata ukosi.

Juzi mtu alisifu sura ya kumi na tisa:
mazishi yale, alisema, yalimliza.
Kitabu kina sura kumi na saba.
Hakuna aliyezikwa.
Nilicheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikanikauka,
maana watu kumi na mmoja walikuwa wameshamjibu
kwamba na wao walilia.

Basi nikawa afisa forodha.
Nikafungua kila sentensi kama sanduku la msafiri,
nikaikung'uta, nikainusa.
Asiyekosea tahajia, nilimshuku.
Anayesifu huku na kulaumu kule kwa kipimo kimoja, nilimshuku.
Aliyejua kutumia nukta mkato,
Mungu anisamehe, nilimfungia nje usiku uleule.

Ndivyo nilivyomtoa Nestan wa Kutaisi,
mfungasha samaki kiwandani, zamu ya usiku.
Miezi sita ametuandikia kwa lugha yetu
sentensi zilizonyooka kama reli.
Nikamwambia: hapa tunataka watu.

Siku tatu, kimya.
Ya nne ikaja picha. Kitabu kimefunguliwa mezani,
katikati ya mistari kuna vijiherufi vya penseli, vya kwao,
vimejikunja kama mizizi ya maharage,
kila neno letu limebebeshwa neno lake mgongoni.
Pembeni, gamba la samaki limenata kwenye karatasi.
Chini yake maneno haya:

"Bibi Halszka, kila sentensi naiandika mara nne.
Kiwandani nikikosea, hunicheka mpaka mwisho wa zamu.
Nilidhani kutokosea ni adabu.
Na kitabu sikukimaliza. Niliona haya kusema.
Niliishia ukurasa wa sitini na moja,
pale mama anapofunga sanduku na kuliketia lifungike.
Mimi nililiketia langu hivyohivyo."

Nilisoma nimesimama. Chai ikapoa.
Nimebeba kontena elfu ngapi, sikuangusha hata moja;
hili la leo nimeliangusha juu ya mtu.

Nikamwomba arudi. Hajajibu bado.

Nikabadilisha swali la mwezi.
Siulizi tena umekionaje. Nauliza uliishia wapi,
na nani alikuwa mlangoni.
Majibu yanadondoka usiku, mafupi, hayajaoga:
Ukurasa wa kumi na mbili, mtoto aliamka.
Wa mia na tatu, nilimchukia mwandishi, bado namchukia.
WA SABA. MIWANI.
Sijafungua, nimekinunua tu.

Najua baadhi ni uongo.
Najua mashine nayo itajifunza kuachia vitabu njiani,
itasingizia mtoto, itasingizia miwani.
Sina forodha ya hilo.

Ila mganga hajigangi.
Leo Zdzisław ameniuliza: na wewe, mama mlinzi, uko wapi?
Nimekitafuta kitabu nusu saa, kikapatikana chini ya kompyuta,
kimeinua kioo kifikie macho yangu.
Alama yangu, tiketi ya tramu ya Oktoba,
iko ukurasa wa tisa.